Kiambaza Kilicho Ndani Yako

Leo, kabla sijafungua Neno, nawaomba mfanye jambo moja dogo. Weka mkono wako chini ya mbavu, pale zinapokutana mbele. Sasa vuta pumzi polepole. Je, umesikia tumbo likiusukuma mkono? Toa pumzi. Umesikia likirudi? Usiondoe mkono haraka, kwa maana hapo ulipoushika ndipo tutakapokaa kwa muda wetu wa leo.

Jambo hili lilianzia Nakalale, upande wa Kakuma, kule Turkana. Nilikuwa nimealikwa kuhubiri, na ibada ilifanyika chini ya mti, kama ilivyo mahali pengi huko. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali kabla hatujamaliza nyimbo. Baada ya baraka, watu walipokuwa wakipeana mikono, kijana mmoja wa shule ya sekondari alinijia na daftari lake.

“Mchungaji,” akasema, “nimesikia kwamba ulisoma Kigiriki chuoni.”

“Nilikisoma, mwanangu,” nikamjibu, “lakini ni miaka mingi. Kigiriki ni kama mbuzi. Usipokichunga kinapotea.”

Akacheka kidogo, kisha akafungua daftari. “Mwalimu wa Biolojia alituambia kwamba neno daiaframu ni la Kigiriki, ila kengele ililia kabla hajatuambia maana yake.”

Nilifurahi sana. Si mara nyingi mtu hukuuliza swali unaloliweza. Nikamwambia kwamba Wagiriki walikuwa na kitenzi cha kuzungushia ua au kuziba njia, na kutoka hapo wakapata neno fragma, yaani ua, kizuizi, kiambaza. Ukilitanguliza neno dia, lenye maana ya kupita katikati, unapata diafragma, ua uliopita katikati. Ni ule msuli unaotenga kifua na tumbo.

Kijana hakuandika. Alitazama chini, kisha akasema, “Nyanya yangu amepigwa picha hospitalini. Wamesema ana uvimbe wa maji kwenye ini, upande wa juu, umeiegemea daiaframu. Sasa, Mchungaji, kama daiaframu ni ua, je, ua huo utashika?”

Ndugu zangu, katika kazi hii nimeulizwa mengi. Nimeulizwa Kaini alimpata wapi mke, na mbinguni tutavaa nini. Swali hili lilinikuta mikono mitupu. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui, na kwamba nitakwenda kuwauliza wanaojua. Niliuliza, na nikasoma. Yafuatayo ndiyo niliyomrudishia, pamoja na mengine niliyoyaokota njiani.

Kwanza, ua wenyewe. Mtu wa Turkana hahitaji kufundishwa ua ni nini. Kila awi, yaani boma la mtu na jamaa yake, lina zizi lililozungushwa miiba, nalo huitwa anok. Hukatwa matawi ya miti ya miiba, na siku hizi matawi ya mathenge, ambao Waturkana huuita etirae, hupangwa duara, miiba ikielekea nje. Jioni mbuzi wakiisha kuingia, tawi moja kubwa huburutwa mpaka mlangoni, na boma limefungwa. Asubuhi tawi lile lile huvutwa kando. Nawaomba mlikumbuke tawi hilo la mlangoni, maana nitalirudia.

Mgiriki wa zamani angeuita ua huo fragmos. Bwana wetu alipotoa mfano wa mtu aliyepanda shamba la mizabibu na kulizungushia ua, Injili ya Kigiriki inatumia neno hilo hilo. Na katika Luka 14, pale mwenye karamu anapomtuma mtumwa wake nje ya mji kuwaleta watu, katika Kigiriki anamtuma kwenye barabara na kwenye fragmos, penye nyua, walikoketi watu wasio na pa kwenda.

Wataalamu wa sayansi nao walipohitaji majina waliingia katika kapu hilo hilo la Kigiriki. Chukua matete, yale yanayoota penye maji, marefu, yamesongamana hata mtu hapiti. Jina lake la kisayansi ni Phragmites, yaani mmea wa ua. Jina hilo ni la zamani sana. Dioscorides, tabibu Mgiriki wa karne ya kwanza, alikwisha kulitumia kwa aina mojawapo ya matete. Omo inapoingia katika Ziwa Turkana matete hayo yapo kwa wingi, na katika sehemu nyingi za Afrika watu huyakata, huyafunga kwa kamba, na kuyasimamisha kuwa ua. Aliyeupa mmea huo jina alikuwa amewatazama watu wa kawaida wakifanya kazi zao.

Au nenda pwani, Mombasa au Lamu, utembee ufukweni asubuhi. Huenda ukaokota kitu cheupe, chepesi, chenye umbo la jani nene, ambacho watu wengi hudhani ni mfupa wa samaki. Hicho ni gamba la ndani la dome, yule jamaa wa ngisi na pweza. Ukilivunja na kulitazama vizuri utaona kuta nyembamba mno, moja juu ya nyingine, na kati yake vyumba vidogo. Wataalamu huyaita magamba yenye vyumba vya namna hii fragmokoni, maana yake pia yenye kuta. Dome akitaka kuelea huyaondoa maji katika baadhi ya vyumba vile, na hewa hubaki. Akitaka kushuka huyarudisha. Bila zile kuta asingeweza kupanda wala kushuka.

Hata katika mmea wa mtama, chembe moja hai inapotaka kugawanyika kuwa mbili, hutokea katikati yake chombo kidogo sana kinachojenga ukuta mpya, na jina la chombo hicho, fragmoplasti, lina neno letu ndani yake. Hayo hayaonekani kwa macho matupu, kwa hiyo nitayapita.

Lakini kitu kimoja siwezi kukipita, kwa sababu mnanisikia kwa njia yake. Mbele yangu hapa pana maikrofoni, na ndani yake pana utando mwembamba uliowambwa kama ngozi ya ngoma. Mafundi huuita daiaframu. Sauti yangu ikiugonga, unatikisika. Huko kwako, ndani ya redio yako, upo utando mwingine unaotikisika vile vile na kuisukuma hewa, na hewa hiyo huenda kuutikisa utando wa tatu ulio ndani ya sikio lako. Sisi Waswahili huo wa sikio tumeuita siku zote kiwambo cha sikio. Mnaona? Vizuizi vitatu, na neno limepita vyote.

Hapo lugha yetu ilinishangaza. Katika vitabu vya shule daiaframu ya mwili nayo huitwa kiwambo. Kiwambo hutoka katika kuwamba, kuvuta ngozi au kitambaa juu ya kitu kilicho wazi mpaka kikaze. Na ule ukuta wa miti na udongo unaotenga chumba na chumba tunauita kiambaza, na wengine hutamka kiwambaza. Maneno haya yanafanana kama ndugu wa tumbo moja. Wagiriki walilipeleka neno la ukuta mpaka ndani ya mwili, na sisi, bila kuwauliza, tukafanya vivyo hivyo.

Sasa turudi pale ulipouweka mkono.

Mtoto yeyote wa Turkana aliyeona mbuzi akichinjwa amekwisha kuiona daiaframu. Ukipasua mbuzi, juu unakuta moyo na mapafu, chini ini, tumbo na utumbo, na katikati nyama nyembamba iliyotanda kama hema, kingo zake nyekundu na katikati nyeupe. Ng'ombe anayo, ngamia anayo, sisi tunayo, na wanyama wote wanaonyonyesha wanayo. Kuku hana msuli kama huo. Yeye hupumua kwa njia nyingine. Mama msikilizaji, ukimpasua kuku jioni hii mtafute, hutamwona.

Kwa mtu umbo lake ni kama bakuli lililofunikwa, tena mabakuli mawili yaliyoungana, na la kulia liko juu kidogo kwa sababu ini limekaa chini yake. Ukivuta pumzi, msuli unakaza, bakuli linashuka, kifua kinapata nafasi na hewa inaingia. Ndiyo maana tumbo liliusukuma mkono wako. Katika pumzi ya kawaida unashuka kiasi cha sentimita moja au mbili tu, lakini mtu akivuta pumzi kwa nguvu zake zote unaweza kushuka sentimita saba na zaidi. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, usiku na mchana, amelala au anaomba. Hesabu mwenyewe kwa siku nzima. Haikosi kuwa mara kumi na saba elfu. Na ukipatwa na kwikwi kanisani wakati wa ukimya, jua kwamba ni msuli huo umestuka na kukaza bila ruhusa.

Jambo lililonigusa zaidi ni milango yake. Kiwambo hiki kina njia kuu tatu, na kila moja hufanya kazi yake kwa namna yake. Mshipa mkubwa unaotoka moyoni kupeleka damu chini hupita nyuma kabisa, karibu na uti wa mgongo, mahali ambapo msuli ukikaza haubanwi. Umio, njia ya chakula, hupita katikati ya nyuzi za msuli wenyewe, nao huubana kiasi, ili kilichokwisha kushuka tumboni kisipande tena. Na mshipa unaorudisha damu moyoni hupita kwenye ile sehemu nyeupe ngumu, na kila unapovuta pumzi mlango wake hupanuka, damu ikapanda kwa wepesi. Mlango mmoja haubanwi, mwingine hubanwa, wa tatu hufunguliwa kila pumzi. Mtaalamu mmoja alinichorea haya kwenye bahasha, nami ningali nayo.

Wazee wa Kigiriki hawakujua hayo. Plato, mwenye hekima aliyeishi miaka karibu mia nne kabla ya Kristo, aliandika katika kitabu chake Timaios kwamba kiambaza hiki kiliwekwa ili kutenga sehemu bora ya nafsi, iliyo juu kifuani, na sehemu duni, ile yenye tamaa ya chakula, iliyo chini. Akaifananisha na nyumba iliyogawanywa, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili. Kwake yeye kazi ya ukuta ilikuwa kuwaweka walio juu mbali na walio chini, basi. Lakini mwili wenyewe unasema vingine. Kilicho juu hakiishi bila kilicho chini, na ukuta ule hufanya kazi kwa kusogea na kwa kuwa na milango. Siku ukiacha kusogea, tunakwenda kuchimba kaburi.

Mawazo kama ya Plato hayakukaa vitabuni tu. Katika Hekalu la Yerusalemu siku za Bwana Yesu palikuwa na ua wa mawe. Yosefo, mwandishi Myahudi wa wakati ule, asema urefu wake ulikuwa dhiraa tatu, kiasi cha kumfikia mtu kifuani, na juu yake palikuwa na maandishi kwa Kigiriki na Kilatini. Mtu wa mataifa aliruhusiwa kufika hapo, asivuke. Mwaka 1871 Mfaransa Charles Clermont-Ganneau alikiona Yerusalemu kibao kimoja cha maandishi hayo, na leo kimewekwa katika jumba la makumbusho la Istanbul, Uturuki. Kinasema wazi kwamba mgeni atakayekamatwa ndani atakuwa amejitakia kifo mwenyewe. Na neno la Kigiriki linaloutaja ua huo juu ya jiwe ni jamaa ya fragma.

Mtume Paulo aliujua ua huo. Katika Matendo ya Mitume 21 twasoma jinsi alivyokamatwa kwa sababu watu walidhani amemvusha Trofimo, mtu wa Efeso. Hakuwa amemvusha, walikuwa wamewaona pamoja mjini, wakajaza wenyewe yaliyobaki. Karibu wamuue. Sasa fungua waraka kwa Waefeso, mlango wa pili, mstari wa kumi na nne. Biblia yetu ya Kiswahili inataja hapo kiambaza cha kati ambacho Kristo alikibomoa. Katika Kigiriki ni ukuta wa kati wa fragmos. Wafafanuzi wengi wameona kwamba nyuma ya maneno hayo upo ule ua wa Hekalu. Sistaajabu. Barua imeandikwa kwa Waefeso, na mtu aliyetajwa katika ghasia ile alikuwa mtu wa Efeso.

Hapo niliposoma nilifikiri juu ya Kakuma. Kambi ilianza mwaka 1992, vijana wengi wa Sudan walipofika kwa miguu, wakafuatwa na Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Mwenyeji amewahi kumwona mgeni akipewa chakula wakati mbuzi wake mwenyewe wanakufa kwa ukame. Mgeni naye amewahi kuogopa kwenda kutafuta kuni. Makazi ya Kalobeyei yalipofunguliwa mwaka 2016, wenyeji na wakimbizi walikusudiwa kutumia shule moja na zahanati moja. Mimi sisemi miiba iondolewe kila mahali. Mbuzi wanaihitaji, na mtoto aliyelala anaihitaji. Paulo mwenyewe, baada ya kusema ukuta umebomolewa, hasemi watu wabaki uwanjani wazi. Anaendelea mara moja kusema habari za nyumba inayojengwa, wao wakiwa mawe yake. Nyumba ina kuta. Mimi nauliza tu habari ya mlango, nani hulivuta tawi asubuhi.

Lakini kijana wa Nakalale hakuniuliza habari za Kalobeyei. Aliniuliza habari za nyanya yake.

Ugonjwa wa mama huyo huitwa haidatidi. Unaletwa na tegu mdogo sana, urefu wake milimita chache tu, anayeishi ndani ya utumbo wa mbwa. Mbwa haumwi. Mayai ya tegu hutoka katika mavi ya mbwa, yakashika kwenye manyoya yake, kwenye mchanga, kwenye maji, kwenye mikono. Mbuzi akiyala, au kondoo, au ngamia, yanageuka kuwa vifuko vya maji ndani ya ini na mapafu yake. Mbuzi akichinjwa, na ini lenye vifuko likitupiwa mbwa, mzunguko umekamilika. Mtu akiyameza yale mayai kwa bahati mbaya, naye hupata vifuko, mara nyingi kwenye ini. Kifuko hukua polepole kwa miaka, bila maumivu, mpaka siku moja tumbo la mtu limevimba na nguo haifungi.

Turkana iliteswa sana na ugonjwa huu. Mwaka 1982 watafiti waliandika kwamba upande wa kaskazini-magharibi walipatikana wagonjwa wapatao 220 kwa kila watu 100,000 kila mwaka, mojawapo ya hesabu za juu kabisa duniani. Sababu zinaeleweka, wala sitaki mtu acheke. Maji ni mbali. Mama aliyetembea nusu siku kwa ajili ya mtungi mmoja hawezi kuyamwaga ovyo, na mbwa wa nyumbani alikuwa ndiye anayemsafisha mtoto kwa ulimi. Mbwa yule yule ndiye aliyebweka usiku mwizi wa mifugo alipokaribia. Walilala pamoja ndani ya ua mmoja. Ua wa miiba humzuia fisi, lakini huyu adui alikuwa ndani ya rafiki.

Mwaka 1983 Shirika la AMREF lilianza kazi maalumu ya kuupiga vita ugonjwa huu huko. Mbwa walipewa dawa, na watu walifundishwa. Katika miaka hiyo hiyo madaktari walibeba mashine ndogo za kupiga picha kwa mawimbi ya sauti, wakazipeleka mpaka chini ya miti, mahali pasipo na umeme, wakawapima wafugaji huko huko waliko. Kwa wakati ule lilikuwa jambo geni duniani, na lilifanyika Turkana. Ugonjwa umepungua tangu hapo, ila haujakwisha.

Sasa, je, ua utashika? Niliyeuliza alikuwa daktari mpasuaji, na alinijibu bila kuficha. Ini limeshikamana na daiaframu; kuna sehemu ambapo vimegusana moja kwa moja, hakuna utando kati yake. Kifuko kikikaa hapo na kukua, husukuma juu. Mgonjwa hukosa pumzi, kwa maana kiambaza chake hakiwezi tena kushuka kama inavyopasa. Kikiachwa miaka mingi, msuli huweza kuwa mwembamba, na siku nyingine kifuko hutoboa na kuingia kifuani. Mtu hukohoa maji yenye chumvi na vipande vya utando, kama ngozi ya ndani ya yai. Na kifuko kikipasuka kwa ghafula, kwa kuanguka au kwa kupigwa, sumu yake huweza kumwangusha mtu saa ile ile. Kwa hiyo kisitobolewe nyumbani, wala kisikandwe.

“Basi haushiki,” akasema kijana niliporudi Nakalale na kumweleza haya yote. Hakuwa analia. Alikuwa anataka kujua, kama mtu anayepima kina cha mto kabla ya kuvusha mbuzi.

“Unashika kwa muda, mwanangu,” nikamwambia. “Na muda huo ndio mliopewa.”

Nilimweleza kwamba ipo dawa ya vidonge iitwayo albendazoli, ambayo hukidhoofisha kifuko. Vingine madaktari huvitoa maji kwa sindano ndefu huku wakiviangalia kwenye picha, kazi ambayo haifanywi na mtu mwingine awaye yote. Vilivyo vikubwa hupasuliwa. Nyanya yake alikuwa amekataa kupasuliwa. Alikuwa na sababu yake, wala haikuwa ya ujinga: nani atachunga mbuzi, na nani atamlinda mjukuu?

Tukaenda kumwona. Alikuwa ameketi penye kivuli, amenyoosha miguu, akipumua kwa pumzi fupi fupi. Nilimsalimu, nikamwita Mama, nikaketi chini. Sikumhubiria. Kijana alizungumza naye kwa Kiturkana muda mrefu, akiuonyesha mkono wake chini ya mbavu, akiupandisha na kuushusha. Mara moja nilisikia neno anok, nikajua anamweleza habari za ua. Mama akaniuliza, kwa kinywa cha mjukuu wake, kama ni kweli kwamba hata Wazungu wa zamani waliita nyama ile ua. Nikasema ni kweli. Akacheka mpaka ikambidi ashike ubavu. Kisha akasema, na kijana akanifasiria, kwamba basi ua ukiegemewa na ngamia, mwenye akili hasukumi ua, humwondoa ngamia.

Amekubali kwenda. Jirani atachunga mbuzi, na kijana atalala kwa mjomba mpaka arudi. Anameza vidonge kwanza, kama walivyomwagiza, na siku ya kupasuliwa imekwisha kuandikwa kwenye karatasi ambayo kijana ameifunga ndani ya daftari lake la Biolojia. Ninawaomba mmtaje katika maombi yenu. Jina lake Mungu analijua.

Nilipoondoka kijana alinisindikiza, akanionyesha kitu nyuma ya boma. Amechimba shimo, refu kuliko magoti. Ini au pafu lolote lenye vifuko vya maji linatupwa humo na kuchomwa au kufukiwa, halikatiwi mbwa tena. Juu ya shimo ameweka matawi ya etirae, miiba ikielekea nje, na tawi moja upande mmoja la kuvuta. Mbwa wao alikuwa amelala kando, kichwa juu ya miguu, anayatazama matawi yale.

Muda wangu umekwisha, ndugu wasikilizaji. Unaweza kuuondoa mkono sasa. Kwaherini mpaka juma lijalo.